Seva kubwa haisogezi bahari

Jumamosi asubuhi nilikuwa Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, karibu na mizani, nikamwona mama mmoja mnunuzi wa samaki akisubiri programu ya ushirika wao ifungue ukurasa wa malipo. Akasubiri weee. Mwishowe akaguna, akatoa daftari lake. Kijana aliyeitengeneza alikuwa pale pale. "Tumeshaongeza seva mara mbili, mkubwa. RAM, yaani kumbukumbu yake, sasa ni mara nne." Seva yenyewe, yaani kompyuta inayoendesha programu ile, iko Virginia, Marekani.

Roho iliniuma. Wanachama wanakatwa pesa kila mwezi kulipia mashine ambayo haikuwa na kosa lolote. Mwanga unaobeba data ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kisumu hadi Virginia, hata ungeruka kama ndege, ni karibu kilomita 12,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 120 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde). Na kebo hairuki: huteremka kwanza hadi Mombasa, ndipo izunguke baharini. Nilipopima kwa simu ya yule mama nilipata milisekunde 260.

Tukafungua msimbo. Ukurasa ule mmoja ulikuwa unatuma kwa seva maombi 14 ya data, moja likingoja jingine lirudi. Zidisha 14 kwa 260: zaidi ya sekunde tatu na nusu, na bado hujahesabu salamu za TCP (kanuni ya kufungua muunganisho) na TLS (kanuni ya kuufunga kwa usiri) kabla ya neno la kwanza kusemwa. Ongeza RAM hadi ijae chumba, sekunde hizo zitabaki. Dawa ni kuunganisha maombi yale yawe moja au mawili, kuacha muunganisho wazi badala ya kuufungua upya kila mara, na kutumia TLS 1.3, inayopunguza safari moja ya salamu. Picha ziwekwe kwenye CDN, mtandao wa seva zinazohifadhi nakala karibu na watumiaji, yenye kituo Nairobi.

Halafu sogeza seva. AWS, huduma ya seva ya Amazon, wako Cape Town tangu 2020, Azure ya Microsoft wako Johannesburg tangu 2019, Google nao walifungua Johannesburg 2024. Nakubali, Cape Town bei yake iko juu kuliko Virginia. Nakubali pia kwamba njia ya kwenda kusini huweza kuzungushwa Ulaya, kwa hiyo pima kwa laini wanayotumia wateja wako kabla ya kuhama. Lakini ukihama, hama na hifadhidata. Nimeona mtu akihamisha programu na kuiacha hifadhidata Marekani. Kila swali la programu kwa hifadhidata likawa linavuka bahari, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mashine kubwa ina kazi yake, kama kukokotoa hesabu za mwaka mzima. Kazi ile ya Dunga ilikuwa kusoma salio la mtu mmoja.

Kijana alinisikiliza vizuri, na jioni ile alianza kuunganisha maombi yake. Jumamosi ijayo nitarudi, nimwombe mama simu ile ile, kwa laini ile ile, nipime tena.