Seva chini ya ngazi: duka la Mwanza lihamie winguni lote, au nusu?

Kuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi karibu na Makoroboi ambalo nalisaidia hesabu za mwisho wa mwezi. Seva yake, kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zote, iko chini ya ngazi, imefunikwa khanga kuukuu kuzuia vumbi la saruji. Nakala ya akiba ya biashara nzima, yaani wadaiwa, stoo na mishahara, iko kwenye fleshi moja, na fleshi iko kwenye pochi ya mhasibu. Mhasibu akienda likizo kwao Magu, akiba nayo imekwenda likizo. Kwa hiyo muuzaji alipokuja kumshawishi mama mwenye duka ahamishie kila kitu kwenye wingu, akodi nafasi na programu katika kompyuta za kampuni nyingine badala ya kumiliki mashine, mama alikuwa ameshakubali kabla chai haijapoa.

Sikumlaumu. Seva ya chini ya ngazi ina maadui wengi: mwizi, moto, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Halafu kuna matawi, Sengerema na Nansio. Kila jioni yanapiga picha daftari la mauzo na kuituma WhatsApp, kijana mmoja anakesha akiingiza upya, na sifuri huongezeka au kupotea njiani. Mfumo ukiwa kwenye wingu, bati likiuzwa Nansio stoo ya Mwanza inaona papo hapo. Hapo sina ubishi.

Ninachobishia ni hayo maneno "kila kitu". Amazon ilifungua vituo vyake vya wingu vya Cape Town mwaka 2020, na Microsoft ilikuwa imetangulia Afrika Kusini mwaka mmoja kabla, lakini njia ya kutoka Makoroboi hadi huko ni ndefu na si yetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Mwenye leja kwenye mashine ya dukani aliweza kufungua na kuona nani ana deni lake la saruji. Aliyeiweka yote nje alibaki na kumbukumbu za kichwani.

Muuzaji alikuwa na jibu: chukueni laini mbili za kampuni tofauti. Ni ushauri mzuri pale katapila la barabara linapokata faiba Igoma. Ila laini mbili zikipita mlango mmoja wa kutokea nchini, mlango ukifungwa zote zimefungwa.

Ndipo tukaacha kubishana kuhusu wingu tukachukua karatasi. Tuliandika kazi zote za duka, na mbele ya kila kazi tukajiuliza: hii inaweza kukaa muda gani bila mtandao? Mishahara, wiki mbili bila mtu kulalamika, mradi mwisho wa mwezi haujafika. Taarifa za matawi, siku moja. Kaunta, dakika kumi. Saa mbili asubuhi mafundi wamepanga foleni, bodaboda na Toyo, pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, zinasubiri nje, ukiwaambia mfumo umegoma wanavuka barabara kwa jirani. Nakala ya akiba haina haraka hata kidogo, lakini ndiyo inayotakiwa kukaa mbali kuliko vyote.

Kwa kaunta tulijaribu programu mbili kwa kuchomoa waya wa intaneti katikati ya mauzo. Ya kwanza ilizungusha kiduara tu. "Mama, imegoma," kijana akasema, na fundi aliyekuwa ananunua misumari akacheka. Ya pili iliendelea kuandika, na waya uliporudi risiti kumi na nne zikapanda zenyewe. Wala si jambo geni, mashine za EFD, zile za risiti za kodi, tumezizoea: mtandao ukikosekana zinatoa risiti, taarifa inakwenda TRA, mamlaka ya mapato, baadaye. Nashangaa kwamba watu hununua programu ya mauzo bila kuchomoa huo waya.

Kwenye bei pande zote mbili zina hoja. Seva inadai mamilioni kwa mkupuo, wingu linadai kidogo kidogo. Lakini kidogo hicho mara nyingi ni dola, na bati huuzwa kwa shilingi. Malipo ya dola 120 kwa mwezi yalikuwa kama shilingi 280,000 mwanzoni mwa 2023. Oktoba 2024, dola ilipovuka shilingi 2,700, yakapita 324,000, na duka halijaongezewa hata kitufe. Shilingi ilipanda tena baadaye, sawa, ila hakuna aliyetuahidi itabaki huko. Kituo cha data cha Dar es Salaam kinachotoza shilingi kinapunguza maumivu hayo, tena kinarahisisha habari ya sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na daftari la wadaiwa lenye majina na simu zao ni taarifa za watu.

Jambo moja muuzaji hakulipenda. Alisema wingu haliungui. Liliungua: Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na wapo wateja waliopoteza data moja kwa moja kwa sababu walidhani kuwa winguni tayari ni kuwa na akiba. Nikamuuliza pia, siku tukitaka kuondoka tutachukuaje data zetu, na zitakuwa katika muundo gani? Akasema ataulizia ofisini.

Hadi naandika haya hajarudi na jibu, kwa hiyo yamehamia matawi, mishahara na akiba tu, ambavyo tunaweza kuvinakili wenyewe kila Jumamosi. Kaunta inasubiri. Mama anataka kuiuza seva wiki hii, amepata mteja Nyakato; mimi nimemwomba aiache chini ya ngazi walau hadi masika yapite.