Thamani ya Awali ya Ami

Ami yangu ana duka Chake Chake: mchele, sukari, unga, mafuta ya kupima. Miaka mitatu nyuma nilimtengenezea programu ya kutoa risiti. Nilikuwa naiandika usiku, Michenzani, mimi na joto tu, na mtu akiwa peke yake saa nane za usiku huandika upuuzi. Pale panapokaa jina la duka kabla mwenyewe hajaweka lake, niliweka hivi ili nicheke:

DUKA LA AMI BAHILI
Bei juu, kipimo chini

Nikajiambia nitalifuta. Ami akaandika jina lake halali na namba ya simu, programu ikavihifadhi, utani wangu ukazama kama jiwe kisimani.

Oktoba 2025 Windows 10 ikakatiwa masasisho, na kompyuta ya ami ni kongwe, Windows 11 haiitaki. Nikavuka kwenda Pemba kuiwekea Linux, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta. Folda ya programu nikainakili kwenye flashi, nikafuta kila kitu, nikaweka Linux, nikairudisha. Ikafunguka bila kelele. Risiti sikujaribu kuchapa, maana ami anahesabu karatasi za printa kama noti (utani ule haukutoka hewani). Nikala samaki wa kupaka, nikateremka Mkoani kuwahi boti.

Siku ya tatu akanipigia, sauti imejaa furaha. Biashara imechangamka! "Mtu ananunua robo ya sukari, anaondoka, anarudi anataka robo nyengine. Na kila mmoja anadai risiti. Zamani walikuwa wananiachia hapa mezani." Ami risiti hazisomi. Maandishi madogo, na miwani huiacha nyumbani isije ikavunjika.

Kesho yake simu ikaja na sauti nyengine. Kumbe kitoto cha jirani, cha darasa la kwanza, kimesimama mbele ya kaunta na risiti mkononi kinaunga silabi kwa sauti: "Du-ka la A-mi Ba... Ba-hi..." Duka zima likamsaidia kumalizia.

"Nani bahili?"

"Ami, shikamoo."

"Nimekuuliza, nani bahili?"

"Ami, ile ni thamani ya awali. Programu ikikosa mipangilio yako, inarudi kwenye thamani ya awali."

Kimya. Nikasikia mizani inagonga.

"Kwa hiyo kwako wewe, thamani yangu ya awali ni ubahili."

Nikamwomba kijana wa dukani anipigie picha folda ya programu. Ndani yake mlikuwa na faili moja lenye jina refu kama mwaliko wa harusi:

C:\Users\ami\AppData\Roaming\Duka\mipangilio.ini

Hilo lote ni jina la faili moja. Windows huweka mipangilio ya mtu kwenye AppData, folda iliyofichwa, mbali na programu yenyewe. Jina halali la ami lilikuwa huko, nami nilifuta huko. Halafu njia hiyo, yaani anwani ya faili kuanzia C: mpaka mwisho, niliiandika kwa mkono ndani ya programu badala ya kuuliza mfumo mipangilio inakaa wapi. Linux haina C:, jina ambalo Windows huipa diski yake, na vile vistari vya kulalia kushoto kwake ni herufi kama herufi nyengine. Haikulalamika. Iliunda faili, ikalibatiza jina lote lile, ikamjaza Bahili ndani.

Nikarekebisha: kwenye Linux mipangilio ikae folda ya .config, nyumbani kwa mtumiaji, panapostahili. Nikatuma. Ami akaandika jina lake upya, risiti zikatoka safi mchana kutwa. Asubuhi akawasha kompyuta: Bahili karudi. Nilikuwa nahifadhi "Mipangilio.ini" kwa M kubwa, nasoma "mipangilio.ini" kwa m ndogo. Windows hizo huziona moja. Linux inasema hao ni watu wawili na hawajuani.

Nikampigia mwenyewe, nimejiandaa kutukanwa. "Ami, nimeona kosa, leo hii nalitoa jina lile."

"Ngoja kwanza. Jana sukari imekwisha gunia zima."

"Sasa nifanyeje?"

"Bahili niachie. Hilo la kipimo chini ndilo ulifute sasa hivi, kabla watu wa mizani hawajanifikia."