Vani moja, nembo tatu

Pampu ya maji ya vani yangu, Nissan Vanette, ilikufa asubuhi moja nikiwa nimetoka Marikiti, soko la mboga la Nairobi, na magunia ya viazi na kreti za nyanya. Nikavutwa hadi Grogan, mtaa wa mafundi na spea. Fundi akaja na pampu ya Mazda Bongo, nami nikakataa, maana gari langu ni Nissan. "Mama, toa wasiwasi," akaniambia, "hizi ni gari moja." Akainua kiti cha mbele cha Bongo iliyokuwa kando, akainua na changu. Injini ni ileile.

Tangu 1994 Vanette ilikuwa ikitoka kwa Mazda, Nissan wakibandika nembo yao. Siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini spea zake hazinisumbui: magari ya majina mawili yanakula duka moja.

Wazungu walilijua hilo mapema zaidi. Mwaka 1978 Fiat na Peugeot (iliyokuwa na Citroën chini yake), mahasimu sokoni, waliunda kampuni ya pamoja iitwayo Sevel. Kiwanda chao cha Val di Sangro, Italia, kikaanza kazi 1981, kikitoa vani ileile kwa majina ya Fiat Ducato, Peugeot J5 na Citroën C25. Hesabu yao naielewa vizuri kama mfanyabiashara. Kalibu za kukandia bati la bodi hugharimu pesa nyingi mno, na vani haiuziki kwa wingi kama gari dogo la saluni. Kila mmoja akichonga zake, gharama humwangukia mnunuzi. Tena sisi wa mizigo hatununui umbo. Tunauliza inabeba kilo ngapi na inakunywa mafuta kiasi gani.

Sasa tazama kwetu Kenya. Kule Thika na Mombasa tuna viwanda vinavyounganisha magari ya kampuni mbalimbali chini ya paa moja, lakini kila kampuni huleta vipande vyake. Paa tunagawana, gari hatugawani. Mwenye mtaji mdogo hubaki na vani za mitumba kutoka Japani, zilizokwisha kutumika miaka kadhaa.

Naomba kampuni mbili au tatu ziketi pamoja zikubaliane vani moja ya tani moja. Kuna wanaohofia kwamba zikiungana zitapanga bei. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo kazi ya serikali kuikagua. Lakini Fiat na Peugeot waliendelea kugombania wateja, kila mmoja na maduka yake. Na oda ya vani elfu kadhaa za aina moja ndiyo ingempa fundi wa jua kali sababu ya kuwekeza mashine ya kutengeneza viti, vioo, kamani na mabomba ya ekzosi hapahapa.

Mimi nataka milango ya kuteleza pande zote mbili, maana Marikiti huwezi kuchagua upande wa kupakulia. Nataka kamani nzito, na injini ambayo fundi anaifikia bila kunishushia viazi barabarani. Nembo waweke waitakayo.