Mama anasema mboga zangu ni maiti

Jumapili nilikuwa kwenye video na mama huku napika, nje theluji imelala mpaka magotini, nikatoa kwenye friza pakiti ya maharage machanga yale ya maganda nikaipitisha mbele ya kamera kwa mbwembwe. Nimeiandika kwa maka peni: Agosti 9. Mama akavaa miwani, akasoma, akanyamaza kidogo. "Agosti hii iliyopita?" Ndiyo mama. "Na leo tuko Februari." Ndiyo mama. "Sasa mwanangu, hiyo si maiti?"

Nilicheka mpaka vitunguu vikaungua. Ila usiku nimelala naona kama nimekasirika, maana sio mama peke yake. Niliwahi kutuma picha ya friza kwenye grupu la familia, imepangwa safi, kila mfuko na tarehe yake, nikadhani nitapongezwa. Wapi! Shemeji kaandika huyu kaka ameganda mpaka moyo, binamu kauliza kama chai nayo naweka humo, mwingine eti ughaibuni kote huko kumbe mnakula viporo. Haya, leo nawajibu wote kwa pamoja, na najua kabla sijafika katikati kuna mtu atasema naringa.

Siringi. Ningekuwa naringa, ningekuwa na haja gani ya kusimama jikoni siku ya joto kali kuliko zote za mwaka, madirisha wazi, sufuria mbili zinafoka, natokwa jasho hadi kwenye kope, ili nipate mifuko kumi na mbili ya maharage?

Huku ardhi inakufa, jamani. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne hakioti kitu, udongo unakuwa mgumu kama sakafu. Alafu Julai na Agosti inakuja yote kwa mpigo kama mtu aliyekuwa anakudai. Njegere, mahindi, hoho, nyanya, na zukini, vile viboga vya kijani virefu kama tango, ndo usiseme, mche mmoja unalisha mtaa. Nina jirani, bibi mmoja mtu mzima sana, huwa anakuja jioni anaziacha mlangoni kwangu bila kugonga kengele, maana anajua akigonga nitakataa. Huyo ndiye aliyenifundisha mambo ya friza, na kilichomlazimisha anifundishe ni huruma, alikuwa ameona nilichofanya mwaka wa kwanza.

Mwaka wa kwanza nilidhani kugandisha ni kutia tu. Nikaosha maharage, nikakata, nikayasukumia kwenye mfuko yakiwa yanachuruzika maji, nikafunga, nikajisifu. Desemba nimetoa tofali. Tofali kabisa, nililigonga kwenye kona ya sinki ndo likapasuka. Nimepika, rangi ya gunia, ladha ya majani makavu, kila uzi unaukuta kwenye jino. Bibi akaonja kidogo akaweka uma chini. Akaniambia, wewe umedhani mboga ukishaichuma imekufa? Haijafa. Ndani kuna vimeng'enya, vile vilivyokuwa vinaiivisha shambani, na baridi haivisimamishi, inavipunguza mwendo tu, kwa hiyo miezi yote hiyo vimekaa humo vinakula rangi na utamu taratibu.

Umeona mama? Tatizo la mboga yangu ya kwanza halikuwa umaiti, ilikuwa haijafa vizuri.

Kwa hiyo unaiua, na unaiua kwa saa. Maji mengi, kama lita 4 kwa nusu kilo ya mboga, yachemke kweli sio yanatoa mvuke tu, unatumbukiza, yakirudi kuchemka unaanza kuhesabu. Maharage machanga dakika 3. Njegere dakika moja na nusu. Spinachi 2. Brokoli iliyokatwa vipande vidogo 3. Mahindi unayotaka punje zake, unayachovya na gunzi dakika 4 ndo unazikata. Na walio sehemu za mwinuko, kuanzia mita 1,500 hivi kwenda juu, ongezeni dakika moja, maana maji ya huko yanachemka kabla hayajapata moto wake wote. Ukizidisha unakuwa umepika, ukipunguza ndo balaa zaidi, ni bora usingechovya kabisa kwa sababu unakuwa umeviamsha hivyo vimeng'enya badala ya kuviua. Ukitoa, moja kwa moja kwenye maji ya barafu, muda ule ule uliochovya. Kisha unakausha na taulo kama mtoto ametoka kuoga, unatandaza kwenye trei moja moja zisigusane, friza, zikishakuwa kama kokoto ndo unamimina kwenye mfuko na kufinya hewa yote itoke. Hapo huli tofali tena, unachota kiganja kimoja unarudisha mfuko.

Hoho na vitunguu havitaki hata kuchovywa, kata weka. Nyanya naweka nzima mbichi, siku nikizitaka nazipitisha kwenye maji ya bomba ganda linavuka kama soksi, japo zinalegea, ni za mchuzi tu. Matango na letusi usijaribu, utatoa kitambaa kilicholowa. Na usijaze friza kwa siku moja. Mimi niliwahi kutia karibu kilo kumi kwa mpigo, vikachukua muda kuganda, na mboga ikiganda polepole inatengeneza chembe kubwa za barafu zinazotoboa nyama yake, siku ya kuyeyusha inabaki maji na ngozi. Friza ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri mboga inakaa miezi 8 mpaka 12 ikiwa na ladha yake. Agosti mpaka Agosti. Hiyo ndo hesabu nzima.

Sasa mnaona ugumu uko wapi? Hakuna. Saa ya ukutani, sufuria, barafu, mifuko. Mama yangu ana akili ya jikoni mara kumi yangu. Kinachotofautisha jiko langu na lake ni soketi.

Yani soketi. Mimi huku naweka mboga Agosti nalala. Sijawahi kuamka usiku kusikiliza kama friza inanguruma. Bibi jirani aliniambia kwamba friza iliyojaa, umeme ukikatika, mlango usipofunguliwa inashika baridi saa 48 hivi, na ikijaa nusu ni kama saa 24. Alinisomea kama mtu anasoma maelekezo ya boya kwenye meli, kitu ambacho kipo ila hatarajii kukihitaji. Mimi nikajikuta nimekariri papo hapo, kwa sababu mimi nimetoka sehemu ambayo saa 48 ni namba unayoihesabu kwa vidole, huku watoto wanakatazwa kugusa mlango na kuna mmoja lazima atafungua eti aangalie kama bado vimeganda.

Sisi tuliwahi kuwa na friza nyumbani. Baba aliinunua kwa kujinyima na ilikuwa kubwa, ya kulala. Ikajazwa mara moja. Kilichotokea wiki ile sina haja ya kueleza, na waliokata umeme siwataji, kila anayesoma hapa ana harufu yake kichwani. Tangu siku hiyo ile friza imekuwa kabati la unga na mashuka ya wageni, ina kufuli kabisa, na naapa ni friza safi kuliko zote nilizowahi kuona maana haijawahi kuwekwa kitu kinachooza tena.

Kwa hiyo mkinicheka mnakosea wa kumcheka. Mnadhani najionyesha nina mboga. Mboga mnazo nyie! Hilo ndilo linaloniumiza. Nyumbani ardhi hailali, unavuna, unapanda, unavuna. Mimi huku nina miezi michache ya kijani mwaka mzima na nakula kijani miezi kumi na mbili. Nyie mna kijani karibu mwaka mzima, alafu msimu wa nyanya ukifika mnajua wenyewe zinaishia wapi, na miezi michache baadaye mtu yule yule aliyezimwaga analalamika nyanya zimeadimika. Nikisema hivi naambiwa nimeanza kudharau kwetu. Sidharau, nina uchungu. Anayedharau hana habari, mimi nazo za kunitosha.

Najua kuna atakayesema hayo ni mambo ya wazungu, sisi tunakula freshi. Kwanza kuhusu wazungu. Aliyeanzisha biashara ya vyakula vilivyogandishwa haraka, Clarence Birdseye, Mmarekani, aliyaona mambo hayo Labrador, kwenye Kanada ya leo, miaka ya 1910 kwa Wainuit, wenyeji wa huko kwenye barafu, waliokuwa wanavua samaki kwenye baridi kali anaganda pale pale kwenye upepo, na akiyeyushwa miezi baadaye ana ladha ya samaki wa leo. Jamaa akaenda kutafuta mashine ya kuiga ile baridi, na mwaka 1930 vyakula vyake vikaanza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts. Kwa hiyo elimu ilikuwa ya wenyeji, kama kawaida, mwingine ndo akaiwekea bei.

Pili, hiyo freshi. Freshi ni nini? Njegere na mahindi yakishachumwa tu sukari yake inaanza kugeuka wanga, kila saa inayopita kwenye joto utamu unashuka. Mboga za majani nazo vitamini C yake inakimbia zikiwa zinanyauka. Sasa mboga iliyochumwa juzi, ikalala kwenye gunia, ikapanda lori, ikashinda juani, ikanyunyiziwa maji ionekane imechangamka, hiyo mnaiita freshi kwa sababu haina barafu. Yangu imetoka shambani asubuhi, mchana iko kwenye friza. Ndiyo, kwenye kuchovya inapoteza vitamini kidogo, sikatai. Ila baada ya hapo imesimama karibu pale pale ilipokuwa Agosti 9 wakati yenu inazidi kuzeeka njiani. Tuulizane vizuri maiti ni ipi.

Samahani, nimepandisha sauti.

Kuna mjomba mmoja alinijibu kwa hekima, na huyo sikuweza kumshinda. Kasema, kijana, bibi yako alikuwa anachovya majani kwenye maji ya moto kisha anayaanika juani, yanakaa mpaka mvua nyingine, na hakuwahi kulipia umeme. Nilikaa na ile meseji siku mbili. Kwa sababu ni kweli, na tena kuchovya ni kule kule, kwa sababu ile ile, bibi alikuwa anaua vimeng'enya bila kujua jina lao na mimi nimevuka bahari kuja kufundishwa na bibi wa watu. Jua halikatiki wiki nzima likarudi saa nane usiku likaunguza vyombo. Shikamoo mjomba. Ila nikuulize kwa heshima, ni nani kati yetu wajukuu bado anaanika? Maana naona tumeacha vyote viwili, cha bibi tumekiona cha kizamani na cha friza tunakiona cha kizungu, tumebaki na cha kutupa.

Na wewe uliyeandika eti mwanaume mzima unakaa na saa unahesabu maharage, wewe njoo Februari. Njoo uone giza saa kumi jioni, miti imebaki mifupa, alafu mtu afungue mfuko wa mahindi ya Agosti ule mvuke ukupige usoni na harufu ya siku ile ulipokuwa unatembea na kandambili. Utahesabu. Utahesabu mpaka sekunde.

Nimebakiza mifuko minne ya maharage, miwili ya mahindi, nyanya nyingi, na zukini ambazo nazikwepa maana hata zikiwa zimegandishwa ni nyingi kupita kiasi.

Juzi mama kapiga tena, sio video, simu ya kawaida. Tumeongea habari za wagonjwa, habari za kaka, akazungukazunguka. Mwisho akasema mtoto wa jirani yao kafunga sola na ana kafriza kadogo, na kwamba maharage mwaka huu yamekubali. Kimya. "Hivi ulisema dakika ngapi?" Tatu mama. "Tatu za saa, au tatu za kukadiria?" Za saa mama. Kwa saa kabisa.

Akaguna. "Umeshakuwa mzungu wewe."