Radi ni zetu, filimbi wanasikia wengine

Juzi kwa grupu ya ploti mtu akaforwadi ile klipu ya milio kama ndege wa alfajiri, eti NASA ilipeleka maikrofoni angani ikanasa dunia ikiimba. Wengine wakasema ni malaika, wengine uongo wa kompyuta. Jameni, si malaika na si uongo.

Huko juu hakuna hewa ya kubeba sauti. Setilaiti kama zile mbili za Van Allen Probes, zilizorushwa 2012 zikafanya kazi hadi 2019, zilinasa mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana, kilohezi chache tu (yaani mitetemo elfu chache kwa sekunde), na kwa vile sikio letu linasikia mitetemo ya kiwango hicho hicho ukiyaelekeza kwa spika unasikia bila uchawi wowote. Hao "ndege" ni mawimbi yanayotolewa na elektroni, chembe ndogo za umeme, zilizonaswa na sumaku ya dunia.

Lakini mimi yangu ni mlio mwingine, ule unaoitwa filimbi. Radi ikipiga, wimbi lake lingine hupenya likapanda juu, likafuata mstari wa sumaku mpaka upande wa pili wa dunia, na njiani masafa ya juu yanatangulia ya chini yanajikokota nyuma, ndio unasikia fiiiuuuu inashuka. Mwanafizikia Mjerumani Barkhausen aliisikia wakati wa Vita vya Kwanza akidukua simu za adui.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Ziwa Victoria liko hapo tu, radi zake ni kati ya nyingi zaidi duniani, na sisi tuko karibu na ikweta ya sumaku ambapo filimbi hufika chini kwa nadra sana, hivyo wa kuzisikia vizuri ni aliye na antena angani. Na sisi Wakenya tulirusha setilaiti yetu Taifa-1 Aprili 2023, ikabeba kamera ya kuangalia mashamba. Sawa, chakula kwanza, sibishani. Ila inayofuata iwekewe hata kaantena kadogo jameni, si mzigo mkubwa.

Mwenyewe nilijaribu, nikanunua waya mita 20 Luthuli hapa Nairobi, nikaufunga uwe antena juu ya paa huku mtaani Umoja, nikavaa hedifoni saa nane usiku. Mmmmmmmm. Stima ya mtaa mzima, hertz 50 na wajukuu wake wote, na katikati mkwaruzo wa radi ya mbali, kwrr, basi. Asubuhi mama wa chumba namba sita akaniuliza kama hiyo ni kamba ya wote. Sai inaanika nepi.