Acheni kuisubiri Betelgeuse ilipuke

Kila mwaka ikifika Desemba hakosekani mtu wa kunitumia video: nyota kubwa inalipuka wiki hii, usiku utakuwa mchana, jiandaeni. Muziki wa kutisha, sauti nzito, mduara mwekundu kwenye picha. Nyota yenyewe ni ile ile kila mara, Betelgeuse, ambayo kwenye orodha za majina ya nyota kwa Kiswahili utaikuta kama Ibuti la Jauza. Nimeshachoka kujibu. Si kwamba video zile ni uongo mtupu, maana itakuja kulipuka kweli. Kinachoniudhi ni kwamba tangu 2019 nyota hii imefanyiwa kazi tamu kuliko karibu nyota yoyote nyingine ukiacha Jua, na kati ya yote yaliyogunduliwa sisi tunaletewa swali moja tu, tena lile ambalo majibu yake hatutayaona mimi wala wewe.

Tuanze kwa kuitazama, kwa sababu sisi wa karibu na ikweta tumependelewa. Kundinyota la Jabari hupita utosini kabisa. Katikati ya Februari, kwenye saa mbili na nusu za usiku, toka nje ukiwa Nairobi au Mwanza na utazame juu moja kwa moja. Nyota tatu zilizojipanga mstari ni mkanda wa Jabari. Kaskazini ya mkanda kuna nyota nyekundu iliyoelekea rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo Betelgeuse. Kusini yake, karibu umbali ule ule, iko Rigel, nyeupe ya kibuluu. Huhitaji darubini kuona kwamba rangi zimepishana. Nyekundu ni ya baridi zaidi: uso wa Betelgeuse uko kwenye nyuzijoto 3,300 hivi, wakati wa Jua letu unakaribia 5,500.

Baridi, lakini kubwa kupita kiasi. Makadirio ya 2020 ya kundi la mwanaastronomia Meridith Joyce yaliupa nusukipenyo chake zaidi ya mara 700 ya Jua. Ungeliondoa Jua na kuiweka yenyewe pale, Dunia isingekuwepo, na Mirihi isingekuwepo pia. Na bado ni mtoto: haijafikisha miaka milioni 10 au imeizidi kidogo tu, wakati Jua lina bilioni 4.6. Nyota nzito huchoma akiba yao haraka. Hii ya kwetu imeshamaliza haidrojeni ya kiini na sasa, kwa maoni ya wengi wanaoihesabu, inachoma heliamu.

Sasa kisa chenyewe. Pale Chuo Kikuu cha Villanova, Pennsylvania, Marekani, wanaastronomia Edward Guinan na Richard Wasatonic walikuwa wameipima Betelgeuse kwa miaka mingi, kazi ya uvumilivu ambayo haimpi mtu umaarufu. Desemba 2019 wakatoa taarifa kwamba nyota inafifia kuliko walivyowahi kuipima. Kupanda na kushuka kwake si kitu kipya. Mwanaastronomia Mwingereza John Herschel aliliona jambo hilo miaka ya 1830. Lakini safari hii haikusimama. Kufikia Februari 2020 ilikuwa inatoa kama theluthi moja tu ya mwanga wake wa kawaida, na nyota iliyozoeleka kuwa miongoni mwa kumi zinazong'aa zaidi ikawa karibu sawa na Bellatrix, jirani yake kwenye bega la pili la Jabari. Hapo ndipo video zilipoanza kumiminika. Aprili mwanga ukarudi. Video hazikurudi kutueleza ilikuwaje.

Ilikuwaje, basi? Hapa ndipo palipo na utamu.

Miguel Montargès na wenzake walikuwa na bahati ambayo huwezi kuipanga: walikuwa wameipiga picha Betelgeuse kwa darubini kubwa ya VLT iliyoko Chile mnamo Januari 2019, kabla ya lolote kutokea. Nyota nyingi hata kwenye darubini kubwa hubaki nukta. Betelgeuse ni kati ya chache ambazo uso wake unaonekana kama duara. Walipoipiga tena Desemba 2019, kisha Januari na Machi 2020, nusu ya kusini ya duara ilikuwa imeingia giza huku ya kaskazini iking'aa kama kawaida. Kwa hiyo si nyota nzima iliyofifia. Maelezo yao, yaliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2021, ni kwamba bonge la gesi lilirushwa kutoka kwenye uso wa nyota, sehemu ya uso iliyobaki nyuma ikapoa, na gesi ile ilipofika mbali kidogo na joto ikaganda kuwa vumbi, vumbi likakaa katikati ya nyota na sisi.

Uso wa nyota ya aina hii hutokota kama uji mzito jikoni, mapovu machache makubwa badala ya mengi madogo, na kila povu ni pana kuliko Jua lenyewe mara nyingi. Povu moja likipasuka vibaya, gesi inaruka. Andrea Dupree, aliyekuwa akiifuatilia kwa darubini ya Hubble katika mwanga wa urujuanimno, aliiona gesi ya moto ikitoka kati ya Septemba na Novemba 2019, ikikimbia zaidi ya kilomita 300,000 kwa saa, wiki kadhaa kabla giza halijatuingilia sisi. Uzito wa kilichorushwa ulikadiriwa kuwa mara kadhaa ya Mwezi wetu. Na baada ya hapo pigo la nyota lenyewe, ule mzunguko wa kama siku 400 wa kuvimba na kusinyaa uliorekodiwa kwa vizazi, likavurugika.

Wapo waliobisha. Thavisha Dharmawardena na wenzake walipima mawimbi yaliyo marefu kuliko mwanga wa kawaida, ambayo vumbi la namna ile halipaswi kuyazuia, wakakuta hata huko nyota imepungua. Wakasema: hii ni nyota yenyewe kupoa, si pazia la vumbi. Ubishi mzuri huo, na jibu lake lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepategemea.

Japani ina setilaiti ya hali ya hewa inayoitwa Himawari-8. Imekaa juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, na kwa miaka ile kila dakika kumi ilikuwa ikipiga picha ya nusu nzima ya Dunia kwa ajili ya watabiri wa mvua na tufani. Picha ni ya mraba, Dunia ni duara, kwa hiyo pembeni kunabaki anga tupu. Siyo tupu sana: kuna nyota. Daisuke Taniguchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walizirudia picha zile za tangu 2017, wakaikuta Betelgeuse pembezoni ikipita kimyakimya, ikiwa imepimwa kwa mwanga wa kawaida na kwa infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, mara kwa mara, kwa miaka minne na nusu. Hakuna aliyeiomba setilaiti ifanye hivyo. Kutokana na hizo wakahesabu kwamba nyota ilipoa kwa takriban nyuzi 140, na kwamba kupoa na vumbi vilichangia giza lile karibu nusu kwa nusu. Yaani pande zote mbili za ubishi zilikuwa na haki yao.

Mimi habari hii ya Himawari ndiyo ningeiweka ukurasa wa kwanza. Takwimu zilikuwa zimekaa kwenye hifadhi, wazi kwa yeyote, zimekusanywa kwa ajili ya mvua. Kilichohitajika ni watu wa kujiuliza swali sahihi, kompyuta, na muda. Tunapenda kusema Afrika Mashariki hatufanyi elimu ya nyota kwa kuwa hatuna darubini kubwa. Darubini kubwa hatuna kweli, lakini sehemu nzuri ya kazi ya siku hizi inafanywa na watu ambao hawakugusa darubini yoyote. Gaia, chombo cha Ulaya kilichorushwa 2013 na kuzimwa Machi 2025, kimepima nyota zinazokaribia bilioni mbili, na orodha zake ziko bure kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Dodoma na wa Heidelberg wanafungua faili moja.

Cha kuchekesha ni kwamba Gaia hiyo hiyo haitusaidii kwa Betelgeuse. Inang'aa mno kwa vifaa vyake. Na hata bila hivyo, umbali wa nyota hupimwa kwa kutazama inavyoonekana kusogea kidogo wakati Dunia ikizunguka Jua; msogeo wa Betelgeuse ni mdogo kuliko upana wa duara lake lenyewe angani, tena duara lenye madoa yanayohamahama. Ndiyo maana ukiuliza iko mbali kiasi gani utapewa jibu kati ya miaka ya nuru 500 na 700 na kitu. Moja ya nyota zinazojulikana zaidi, na hatujakubaliana iko wapi.

Turudi kwenye kulipuka, kwa kuwa najua utaniuliza. Kundi la Joyce lilikadiria kwamba imebakiza miaka kama 100,000. Mwaka 2023 Hideyuki Saio na wenzake walitoa hoja tofauti kabisa: kwamba nyota imeshafika kwenye kuchoma kaboni na imebakiza muda mfupi, pengine makumi ya miaka. Hiyo ndiyo iliyochukuliwa na vichwa vya habari. Ambacho hakikuchukuliwa ni pingamizi: ili hesabu ya Saio ikae sawa, nyota inabidi iwe kubwa kuliko ilivyopimwa. Hoja nzima ilisimama juu ya mzunguko wa pili wa mwanga wa Betelgeuse, ule wa polepole wa siku kama 2,100, kwamba ndio pigo lake kuu. Ikiwa mzunguko ule unatokana na kitu kingine, hoja inaanguka. Na ikilipuka hata kesho, kwa umbali ule haitatudhuru; tutaiona mchana kwa miezi kadhaa na wanaastronomia hawatalala.

Kitu kingine hicho ni nini? Mwaka 2024 makundi mawili, moja la Jared Goldberg na lingine la Morgan MacLeod, yalifika mahali pamoja kwa njia tofauti: kuna nyota ndogo inayoizunguka Betelgeuse kila baada ya miaka sita hivi. Walitaja hata ni lini ingekuwa imejitenga vya kutosha kuonekana: mwanzoni mwa Desemba 2024. Steve Howell na wenzake wakaielekeza darubini ya Gemini North huko Hawaii siku zile zile, wakapiga maelfu ya picha fupi za sehemu ndogo sana ya sekunde ili kuushinda mtikisiko wa hewa, na Julai 2025 wakatangaza wameona nukta hafifu mahali palipotabiriwa. Kama ipo, ina uzito wa kama Jua moja na nusu, na inazunguka ndani ya angahewa ya nje kabisa ya mwenzake, ambaye ataimeza katika miaka 10,000 ijayo. Imependekezwa jina la Siwarha.

Magazeti yaliandika: yagunduliwa. Kichwa cha makala ya Howell mwenyewe kinasema huenda. Uhakika wao ulikuwa wa sigma 1.5, sigma ikiwa kipimo cha jinsi matokeo yalivyo mbali na bahati tupu. Kwa maneno ya mtaani, nukta kama ile ingeweza kujitokeza kwa bahati tu, bila nyota yoyote kuwepo, mara moja katika majaribio kumi hivi, zaidi au pungufu kutegemea unavyohesabu. Wanafizikia hawatamki ugunduzi mpaka wafike sigma 5, ambako bahati hiyo inashuka hadi moja kati ya milioni kadhaa. Howell hakuficha hilo. Liko kwenye maandishi yake. Sisi ndio tuliolitoa njiani, kutoka taarifa hadi gazeti, kutoka gazeti hadi kundi la WhatsApp. Mhariri wa sayansi akiniuliza ushauri ningemwambia aandike ile sigma, hata kama itamlazimu aya nzima ya kuielezea. Wasomaji wetu wanafuatilia odi za mechi za Jumamosi hadi nukta ya pili. Kiwango cha bahati hakiwezi kuwashinda.

Upande wa wanaoamini kwamba nyota hiyo ndogo ipo kuna ushahidi mwingine wa aina yake. Anna O'Grady na wenzake waliitazama kwa darubini ya eksirei ya Chandra mwishoni mwa 2024 wasione kitu, na hapo wakafuta uwezekano kwamba kinachozunguka ni nyota mfu ya nyutroni inayokula gesi. Waliopiga picha wakati wa giza la 2020 nao hawakuona nukta. Ndivyo ilivyotarajiwa, kwani wakati ule ingekuwa imejificha.

Nafasi nyingine nzuri ya kuitazama Siwarha ni Novemba 2027, itakapokuwa imejitenga tena. Nikilazimishwa kuweka dau leo, nitaweka kwamba ipo, na si kwa sababu ya picha ya Hawaii. Ni kwa sababu ya ule mzunguko wa siku 2,100, ambao unaonekana kwenye vipimo vya mwanga na vya mwendo vya karne nzima, vingi vikiwa vimeandikwa na watu waliokuwa wakilinganisha Betelgeuse na nyota jirani kwa macho yao tu na kujaza daftari. Kitu kinachorudi kwa saa yake kwa miaka mia moja, juu ya uso unaotokota ovyo namna ile, nadhani kinaendeshwa na kitu cha nje.