Kabla ya kusema Lubumbashi imenenepa kuliko Kasenga

Ramani ya unene ikitoka, watu hukimbilia kutazama jimbo gani linaongoza. Mimi naona swali la kwanza ni hili: watu walipimwa, au waliulizwa tu?

Nchini Marekani, ramani ya majimbo hutokana na simu: mtu anataja mwenyewe kilo zake na urefu wake. Wengi hujiongezea urefu na kujipunguzia kilo. Mama wa sentimita 160 na kilo 77 ana IMC ya 30.1 (kipimo cha unene: kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita mara urefu huohuo), na unene wa kupindukia huanzia 30. Akitaja sentimita 163 na kilo 75, IMC inashuka hadi 28.2, naye anatoka kwenye hesabu.

Kwetu Kongo, EDS, yaani uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, hupima kweli, kwa mizani na ubao wa kupimia urefu, wanawake wa miaka 15 hadi 49, na wenye mimba hawahesabiwi. Ni kazi ngumu, na inastahili sifa. Taabu inaanza pale tunapolinganisha miaka. Matokeo ya 2013-2014 yalitolewa kwa majimbo 11 ya zamani. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Anayeweka Katanga ile kando ya Haut-Katanga ya leo ameondoa vijiji vya Haut-Lomami na Tanganyika, akabakiza miji ya Lubumbashi na Likasi. Kwa kuwa wanawake wanene ni wengi mjini kuliko vijijini, asilimia itapanda hata kama hakuna aliyeongeza gramu moja. Halafu redioni tutaambiwa kosa ni la bukari (ugali) na mafuta!

Upimaji wenyewe nao una mitego. Mizani ikae juu ya simenti iliyo sawa, si juu ya mkeka wala udongo. Kila asubuhi ipimishwe bidoni ileile ya maji iliyofungwa. Namba ikibadilika, mizani hiyo isitumike. Viatu vivuliwe, kikwembe cha pili kiwekwe kando, kilemba kitolewe. Kinachosumbua zaidi ni nywele. Fundo la rasta la sentimita 3 utosini linamfanya yule mama wa kilo 77 asomeke 29.0 badala ya 30.1. Wapimaji wengi huona haya kumwambia mama afungue nywele alizolipia. Basi wasimwambie: wapime kimo cha fundo kwa rula, wakitoe kwenye urefu, na waandike kwamba wamekitoa.

Ningependa pia kiuno kipimwe, maana IMC haitofautishi mnofu wa mchimbaji na mafuta ya tumboni. Utepe wa fundi cherehani unatosha: upite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, mtu akiwa ametoa pumzi. Hatari huanza kuongezeka kwenye sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume. Na kila jedwali lichapishe idadi ya waliopimwa katika kila jimbo, pembeni ya asilimia yenyewe.